Upepo Upi? Siku Nne Unguja na Mwandishi Aliyeishiwa Maneno

Kila mwezi mezani kwangu hutua hadithi za mapenzi za kutosha kujaza magazeti matatu. Nyingine nzuri, nyingine ndiyo hivyo tena. Ila karibu zote zina ugonjwa mmoja. Wahusika wake wanaishi kwa vitendo vitatu tu: wanatabasamu, wanashusha pumzi, na mioyo inawadunda. Kuna moja ya kurasa sita niliyoikalia na kalamu nyekundu nikahesabu, yule dada alitabasamu mara 19. Mara ya kumi na tano alikuwa anatabasamu msibani.

Sasa ugonjwa huo ukiwa wa mtu usiyemjua ni kazi ndogo. Unakata, unamrudishia, maisha yanaendelea. Balaa ni pale mgonjwa anapokuwa mume wako.

Mume wangu anaandika. Mchana ni mtu wa mahesabu kwenye ofisi moja hapa Dar es Salaam, usiku anaandika hadithi ya babu yake mzaa baba, mvuvi wa Makunduchi, kusini mwa kisiwa cha Unguja, aliyetoka kuvua siku moja katika miaka ya sitini na hakurudi. Ameiandika kwa miaka mitatu. Mwaka jana alinipa nisome. Nikamwambia ukweli: mwanzo mzuri, mwisho mzuri, katikati hamna maneno. Bahari yake ni "bahari kubwa ya bluu". Upepo wake ni "upepo mkali". Bibi yake alipopata habari "alilia sana".

Hakukasirika, na hapa ndipo naupendea Kiswahili. Kukasirika ni kelele, zinapita. Mume wangu alinuna. Kununa ni kimya chenye mdomo uliovutwa. Baada ya wiki akavuka daraja la pili, akasusa. Aliyesusa haachi kuongea na wewe, mnaongea vizuri tu habari za luku na kodi ya nyumba, ila kile kitu chenyewe hakigusi tena. Mswada ukaingia kwenye droo chini ya kadi za harusi za watu. Miezi minne! Mwandishi angesema "uhusiano wao ulipoa", na msomaji asingejua kitu.

Basi Januari hii tukachukua likizo ya siku nne, tukapanda boti ya mwendo kasi ya asubuhi. Yeye alisema anakwenda kumwona bibi, ana zaidi ya miaka 80 na macho yamekwisha. Mimi nilipakia mswada kwenye begi langu, chini ya kanga.

Mji Mkongwe: wateja wa maneno

Mji Mkongwe tumeusoma sote kwenye vipeperushi, umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000. Sitakuchosha na machweo ya Forodhani. Urojo kula, ni lazima. Beit el Ajaib, lile jumba la mwaka 1883, sehemu yake iliporomoka siku ya Krismasi ya mwaka 2020, na ukipita pale moyo unauma kidogo.

Mimi nilikuwa na shughuli zangu Darajani, kwenye kanga. Kama unataka kuona watu wanaochagua maneno kwa uchungu kuliko mhariri yeyote, kasimame kwenye duka la kanga nusu saa. Kanga ina pindo, ina mji, na ina jina, yale maandishi ya chini. Mbele yangu alikuwapo mama mmoja anamtafutia zawadi wifi yake. Rangi zilimpendeza zote, na bado alirudisha doti tatu. Ya kwanza, jina kali mno, "ataona nimemtukana." Ya pili imepoa, "atasema naomba msamaha, na mimi sina kosa." Ya tatu nzuri, ila shoga yake alishawahi kumpelekea mkewe mwenzie, mtaa mzima unaijua ilikuwa na maana gani. Ya nne akaichukua bila hata kuuliza bei. Mwenye duka alimfungia kwa heshima kama anafunga dawa.

Nikamnong'oneza mume wangu: umeona? Maneno manne matano, na amezingatia anayeyasema, anayeambiwa, na jirani atakayeyasikia. Hakujibu, ila aliangalia.

Nikamwuliza mwenye duka, hivi wivu na kijicho si kitu kimoja? Alinitazama kama mtoto wa shule ya chekechea. Akasema wivu uko kwa mumeo. Kijicho kiko kwa jirani aliyenunua friji mpya. Na husuda ni kijicho kilichokwisha kuanza kufanya kazi. Hebu fikiria hadithi zote nilizopokea zenye "alikuwa na wivu sana" ambazo kumbe ni za kijicho kitupu.

Jioni tukaenda Jaws Corner kunywa kahawa. Pale ni uwanja wa wanaume, barazani, siasa na mpira, lakini mgeni anakaribishwa. Mume wangu akasifia mlango wa jirani, "ule mlango wenye nakshi." Mzee mmoja akamwuliza, nakshi ya wapi, ya kizingiti au ya mfaa? Mfaa ni ule mti wa katikati unaoziba mwanya mbao mbili zinapokutana. Kijana wa Kinondoni kimya. Mzee akainuka na kikombe chake, akamshika mkono kama mtoto, wakauzunguka mlango wote kwa vidole: kizingiti cha chini, cha juu, mfaa, komeo. Waliporudi mume wangu alikuwa anacheka. Nilikuwa sijamwona akicheka hivyo tangu mswada uingie droo.

Hapa niseme kitu kwa wale wanaonitumia hadithi. Mkiambiwa msamiati wenu mdogo, wengi hukimbilia kamusi, mnabeba maneno kwa kapu. Mwezi unaofuata napokea "fuadi yangu inasononeka ewe mahabubu", na anayesema hivyo ni dereva wa bodaboda wa Tandika. Kaka, hapana. Kamusi nenda nayo ukishasikia neno, ukahakikishe maana yake. Neno lenyewe kalitafute kwa mwenye kazi yake. Fundi ana majina ya misumari yake yote, mama lishe ana jina la ukoko unaoshika chini ya sufuria, na hakuna hata moja hapo lililo gumu.

Kwa mke mwenzangu

Makunduchi unafika kwa daladala, unapita Tunguu, Kitogani, Muyuni, na barabara ni nzuri. Watu wengi hupajua kwa Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya inayofanyika Julai, wanaume wakichapana kwa migomba na kibanda cha makuti kikichomwa moto. Januari hakuna fujo hiyo. Kuna jua, minazi, kaskazi inavuma na kuleta joto, na pweza waliotundikwa.

Watu wa hadithi wanapaswa kupajua kwa jambo jingine. Ndiko alikozaliwa, mwaka 1918, Mohamed Said Abdulla, baba wa Bwana Msa, yule mpelelezi wa kiko mdomoni. Mzimu wa Watu wa Kale ulishinda mashindano ya uandishi ya 1957 hadi 1958 ukatoka kitabu mwaka 1960. Naye alikuwa mhariri, wa jarida la Mkulima, kwa hiyo namhesabu kama ndugu wa kazini.

Na kuna kichekesho cha historia. Mwaka 1928, kwenye mkutano wa Mombasa, lahaja ya Unguja mjini ndiyo iliyochaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, hiki ninachokuandikia. Kumbe mwendo mfupi tu wa daladala kutoka mjini wapo watu wa Makunduchi na Kikae chao, lahaja ambayo mtu wa Dar akiisikia kwa kasi anashika neno moja katika matano. Bibi anaongea Kikae. Shangazi wa mume wangu alikuwa ananifasiria, kwa hiyo maneno ya bibi hapa chini yamepita mdomo wa shangazi kabla ya kufika kwako.

"Hodi!"

"Karibuni. Nani huyo?"

"Ni mimi, bibi. Shikamoo."

"Marahaba, mume wangu. Umekuja na mke mwenzangu?"

Ndiyo utani wa bibi na mjukuu, na mimi nikaupenda papo hapo. Alinishika uso kwa mikono miwili akaupapasa taratibu, akauliza kama najua kukuna nazi. Nikawekwa juu ya mbuzi. Sijakuna nazi tangu chuo, siku hizi ni mashine ya sokoni au tui la pakiti. Bibi alikuwa anasikiliza mkono wangu unavyokwenda na kunirekebisha bila kuona.

Na maneno yakaanza kumwagika. Nazi tu, jamani! Inaanza kidaka, inakuwa kitale, inakuwa dafu, halafu kuna ile hatua ya katikati, si dafu tena na haijakomaa kuwa nazi, hiyo ni koroma. (Wasichana wenye mchumba wa miaka mitano asiyeleta posa, jina lake ndilo hilo.) Ikikauka kabisa mbata. Ikiwa haina maji, nyama yake kama sifongo, joya. Ukikuna na kukamua kwenye kifumbu unapata tui, yale makapi yanayobaki ni chicha, na tui la kwanza zito ni kasimile, halitiwi mapema likakatika. Mume wangu alikuwa ameandika kwamba babu "alipasua nazi akanywa maji yake." Niliona anatoa simu na kuandika kitu. Sikusema neno, ndoa ina mahali pa kunyamaza.

Upepo upi?

Usiku wa pili, baada ya kula, mwenyewe akaomba mswada. Sikujua alijua niliubeba. Akasema, "Ulete, najua uko chini ya kanga zako." Akamsomea bibi ule ukurasa wa siku ya mwisho ya babu. Umeme ulikuwepo, lakini bibi haitaji taa, kwa hiyo tulikaa nje kwenye jamvi na mwanga wa simu.

Akasoma: "Siku hiyo upepo mkali ulikuwa unavuma baharini..."

"Upepo upi?" bibi akauliza.

"Upepo mkali, bibi."

"Nimesikia mkali. Upi? Kusi? Kaskazi? Umande wa alfajiri? Matlai?"

Mume wangu akanitazama. Mimi nina shahada ya mawasiliano, sina ya pepo. Bibi akacheka kidogo, halafu akaacha kucheka. Akasema haikuwa upepo mkali. Upepo mkali babu yako alikuwa anaujua, angekaa nyumbani ashone tanga. Ilikuwa tanga mbili.

Tanga mbili ni ule wakati kaskazi imechoka na kusi haijashika, Machi kuelekea Aprili, na tena mwisho wa mwaka kusi inapoachia. Upepo haujui unakotaka kwenda. Unapumua huku, unageuka kule, unakata kabisa, unaanza upya. Asubuhi ile bahari ilikuwa shwari, alisema bibi, maji mafu, hayajai sana wala hayapwi sana, siku ambayo hata mtoto unamruhusu aende. Babu alitoka alfajiri. Hakuna aliyeona kitu. Hakukuwa na dhoruba ya kusimulia. Ndiyo maana kijijini watu walibishana miaka: mwingine alisema upepo uligeuka ghafla ukampindua, mwingine alisema alisukumwa nje hadi asirudi, mwingine alisema mambo ambayo bibi hakutaka yasemwe nyumbani kwake.

Miaka mitatu mume wangu alikuwa anapambana na ukurasa ule, akiongeza mawimbi, akiongeza radi, na hadithi inazidi kufa. Neno moja tu likamwondolea dhoruba yote. Alikuwa na babu aliyekwenda siku njema.

Akaendelea kusoma, sauti imepungua. "Bibi alipopata habari alilia sana."

"Habari gani?" bibi akauliza. "Nani alileta habari? Hakuna habari iliyokuja."

Tukakaa kimya wote. Shangazi alianza kufasiri halafu akasita, bibi akamwambia endelea, ni watu wazima hawa.

Alisema yeye hakulia. Aliduwaa. Kila alfajiri alishuka pwani, na pwani anayoisema si ile ya mahoteli, ni pale maji yanapopwa na kuacha mchanga na miamba wazi, wanawake wanapochokoa pweza. Alichokoa pweza huku akitazama nje. Watu walimwambia akae eda. Alikataa. Mjane hukaa eda miezi minne na siku kumi, na eda inaanza kuhesabiwa siku ya kifo. "Siku ipi?" alisema. "Nani aniambie amekufa? Nikikaa eda ndiyo nimemzika." Hakukaa mwaka mzima. Wakwe walinuna, masheha wakaja, mwalimu wa chuo akaja. Mwisho alikaa. Siku aliyoingia ndani kukaa eda, ndiyo siku alilia.

Mimi ni mtu wa maneno, nalipwa kwa maneno, na pale sikuwa nalo hata moja. Mume wangu alikuwa ameuwekea ukurasa "aliomboleza kwa muda mrefu". Kuomboleza hata nchi huomboleza, bendera inashushwa nusu mlingoti, kesho inapanda. Lakini eda ina hesabu ya siku, ina mlango usiovukwa ovyo, ina nguo, ina manukato yasiyopakwa. Mwanamke anayekataa kuingia eda anabishana na kijiji kizima kwamba mumewe yu hai. Hiyo ni riwaya nzima, na ilikuwa imekaa kwenye jamvi inatafuna tambuu.

Usiku ule hatukulala mapema. Hatukuongea sana pia. Aliandika kwenye simu hadi chaji ikaisha, akaniamsha kuomba yangu. Mbu waliniuma mimi peke yangu.

Pwani, asubuhi

Siku ya tatu alitaka vyombo. Tulikwenda ufukweni maji yamepwa, tukamkuta fundi mmoja anaziba ufa wa chombo chake kwa pamba, akatupa darasa la bure. Mtumbwi ni gogo lililochimbwa. Ukiutia mirengu, zile mbao za ubavuni za kuuzuia usipinduke, umekuwa ngalawa. Dau limeungwa kwa mbao, halina mirengu. Mashua ni kubwa zaidi, na jahazi ni lile la safari za mbali. Omo ni mbele, tezi ni nyuma. Upande unaotoka upepo ni joshi, unaokwenda upepo ni demani. Mume wangu aliandika yote. Nikamwambia utatumia manne. Akasema, "Najua. Nataka niyajue yote ndipo nitumie manne." Jamani, mtu huyu nilimwoa kwa sababu! Au niseme alinioa. Shangazi angenirekebisha hapo.

Tulipishana jambo moja, na bado tunapishana. Yeye anataka tanga mbili, koroma na eda yabaki peke yake bila maelezo. Mimi nasema msomaji wa Mbeya na wa Mwanza ashikwe mkono kidogo, sentensi ya pembeni tu, mtu atazame mlingoti aone tanga limelegea mara huku mara kule, atajua mwenyewe. Adam Shafi katika Vuta N'kuvute, kitabu cha mwaka 1999 ambacho Amil Shivji alikitengenezea filamu mwaka 2021, hasimami kukufundisha mitaa ya Unguja, unaipita tu na wahusika na unazoea. Na Ida Hadjivayanis alipoileta riwaya ya Abdulrazak Gurnah, Paradise, kwa Kiswahili mwaka 2022, hakuandika "Paradiso". Aliandika Peponi. Neno tulilolelewa nalo, tunaloliomba kwenye dua za marehemu wetu. Mume wangu anautumia mfano huohuo kunipinga, anasema nani alihitaji kuelezwa Peponi? Tumekubaliana kuachia eda na dafu bila maelezo, tanga mbili tutaishika mkono. Koroma bado iko mezani.

Kama nanyi mnataka kwenda wawili, nendeni Januari au Februari kabla ya masika, mkae mjini usiku mmoja na kusini usiku mitatu. Watu wengi wanafanya kinyume chake. Vaeni kwa heshima mkitoka ufukweni, mkiwa vijijini salimieni kabla ya kuuliza njia, na kanga nunueni baada ya kusoma jina. Na kama kuna mzee wa kwenu huko au kokote, mwombeni akuonyesheni kazi moja anayoijua kwa mikono. Mkimwambia "tusimulie zamani" atawapa hotuba. Mkimwomba awafundishe kukamua tui, maneno yatakuja yenyewe.

Sura ile mpya ilikamilika wiki mbili baada ya kurudi. Babu anatoka asubuhi tulivu, bibi anakataa eda, hakuna anayetabasamu popote. Jumapili iliyopita tulimpigia shangazi, akaweka simu kwenye spika mbele ya bibi, mume wangu akasoma yote, dakika ishirini, mkono mmoja umeshika karatasi na mwingine umeshika wangu. Akamaliza. Upande wa pili kimya. Nikadhani mtandao umekata.

"Bibi, upo?"

"Nipo, mume wangu. Ni hivyohivyo." Halafu, baada ya kitambo: "Ila chombo chake haikuwa ngalawa. Lilikuwa dau."

Limo mara kumi na moja. Nimeshayabadilisha yote.